Viatu vya Mwenyekiti

Barua ya kumwalika baba kwenye Mkutano Mkuu wa Wapenzi wa Salamu ilifika nyumbani kwetu Dranya mwanzoni mwa miaka ya tisini, na wakati huo baba alikuwa hajaonekana kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa imepigwa chapa, ina muhuri wa duara wa rangi ya zambarau, na ilisema kwamba yeye, fundi cherehani wa Dranya, ndiye mtu aliyesalimiwa mara nyingi kuliko wote West Nile, hivyo aje Arua Jumamosi ile apokee zawadi kwa mkono wake mwenyewe. Nilimsomea mama mara mbili. Akaniomba nirudie ile sehemu ya mkono wake mwenyewe.

Nieleze kidogo, kwa ajili ya waliozaliwa na simu mkononi. Siku hizo redio ya nchi jirani ilikuwa na kipindi cha salamu kila Jumamosi alasiri. Ulijaza kadi: uko wapi, unawasalimu nani na nani, na mwisho ujumbe wako wa maneno machache. Kadi ilisafiri wiki tatu, mtangazaji akaisoma kwa nusu dakika, na kwa nusu dakika hiyo ukawa mtu mkubwa hadi Jumatatu. Watu wa kwetu waliingiwa na jambo hili vibaya sana. Wakaunda chama, na chama kikawa na sheria moja iliyoheshimiwa kuliko za serikali: ukisikia mtu amesalimiwa redioni, na wewe msalimu katika kadi yako inayofuata, hata kama humjui, la sivyo utaitwa mwenye maringo.

Mimi sikuwa mpenzi wa salamu, na naomba hilo lieleweke mapema. Niliwaona ni watu wazima wasio na kazi. Lakini mama hakujua kuandika na mimi nilijua, basi kila baada ya wiki mbili nilikaa chini nikaandika anachotaka, naye hakuwahi kubadilisha hata neno moja: "Nikiwa hapa Dranya, namsalimu baba yangu, fundi cherehani, popote alipo. Ujumbe: viatu vyako vipo." Aliniamuru nitumie jina langu, kwa sababu, alisema, mwanamke mwenye adabu hamwiti mumewe redioni mbele ya wanaume asiowajua.

Viatu vyenyewe vilikuwa vyeusi, vya ngozi, vya jeshi. Baba alikuwa fundi cherehani wa kambini. Maisha yake yote hakushika silaha kubwa kuliko mkasi. Serikali ilipoanguka mwaka 1979, familia za askari wa Koboko zilikimbilia ng'ambo ya mpaka, na sisi tukakimbia na cherehani. Ilikuwa nzito, kwa hiyo mama na baba mkubwa walibeba miguu yake ya chuma, na baba akasema kichwa atakibeba mwenyewe. Kwa haraka ile kichwa kikasahaulika kitandani. Tulipovuka salama upande wa Zaire, baba akatazama ile miguu, akasema hawezi kuanza maisha mapya na nusu ya cherehani, anarudi. Akavua viatu kwa kuwa vilikuwa vinalia akitembea. "Chunga viatu, mimi narudi kesho asubuhi," alimwambia mama, akaondoka peku.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa ng'ambo miaka saba, tukarudi nyumbani, na ile miguu ya chuma tukarudi nayo. Mama aliiwekea ubao juu, ikawa meza ya redio. Viatu alivipaka dawa kila sikukuu ya Idi.

Sasa, kwa sheria ile ya chama, baba alianza kusambaa. Muuza samaki mmoja wa Arua alimsikia katika kadi yangu, akamsalimu. Mwalimu wa Yumbe akamsikia katika kadi ya muuza samaki, naye akamsalimu. Baada ya mwaka mmoja haikupita Jumamosi bila baba kusalimiwa mara nne au tano na watu ambao hatujawahi kuwaona. Kila mara mama alinigeukia.

"Unaona? Watu najua yeye."

"Wanamjua kwa redio, mama."

"Redio hapana salimia mutu yenye hapana iko," alisema, kwa Kiswahili kile cha kambini ambacho ndicho tulichozungumza nyumbani.

Mwenye matatizo na salamu hizi alikuwa baba mkubwa, yule yule aliyebeba miguu ya cherehani. Alikuwa mkulima wa tumbaku, mtu wa dini, na hakuwa mkatili hata kidogo. Alitaka tu ndugu yake asomewe hitima, mama akae eda, mambo yamalizike kama yanavyomalizwa kwa watu wengine. Mama alikuwa amekataa kila mwaka. Barua ilipokuja, baba mkubwa alikaa barazani kwetu akaigeuzageuza, kisha akasema, "Kama yeye iko, atakuja Arua kuchukua kitu yake. Kama hapana kuja, Ijumaa yenye nakuja sisi nasoma hitima."

"Sawa," mama alisema. "Kama hapana kuja."

Hakuwahi kusema sawa kabla ya siku hiyo. Niliogopa, nami si mtu wa kuogopa ovyo. Niliona kwamba ameweka roho yake yote juu ya mkutano wa wendawazimu wa redio, na kwamba mimi ndiye nitakayemletea majibu. Yeye mwenyewe hakwenda. Vipi kama baba angerudi nyumbani kwa njia nyingine akakuta mlango umefungwa? Alinifungia viatu katika kitenge, akaniambia nisivitoe hadi nimwone.

Nilipanda lori la tumbaku kutoka Koboko, nikapiga chafya njia nzima. Kabla ya Arua kulikuwa na kizuizi, na askari akafungua mzigo wangu.

"Hii viatu ya nani?"

"Ya baba, afande."

"Yeye iko wapi?"

"Sijui. Ndiyo naenda kumtafuta."

Hilo halikumfurahisha. Msichana na viatu vya jeshi na baba asiyejulikana alipo. Hata mimi ningejishuku. Akaniuliza baba ni mtu wa namna gani, nikasema ni fundi cherehani wa Dranya, na hapo uso wake wote ukabadilika.

"Ule ya viatu vyako vipo? Mimi najua yeye sana."

Nilimshika mkono wa shati, jambo ambalo hufanyi kwa askari. "Unamjua wapi, afande? Ulimwona wapi?"

"Kwa redio," alisema. "Mimi pia nasalimia yeye mara mbili." Kisha akatoa kadi mfukoni, ilikuwa imejaa jasho, akaniomba niifikishe mkutanoni. Lori likaruhusiwa kupita bila kukaguliwa zaidi, na wauza tumbaku wakaanza kuniita mtoto wa mkubwa.

Mkutano ulikuwa katika ukumbi mmoja upande wa Ombaci. Nilitarajia watu thelathini. Walikuwa wamejaa hadi uwanjani, wamekuja kwa baiskeli na malori, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila mmoja amejibandika kifuani kipande cha boksi chenye jina lake la redioni. Majina hayo sitayataja. Wenyewe sasa ni watu wa heshima, mmoja anaongoza swala na mwingine ana wajukuu tisa, na hawatapenda ikumbukwe walivyokuwa wakijiita. Juu ya mlango kulikuwa na kitambaa kirefu cheupe, na juu yake kwa rangi nyekundu: VIATU VYAKO VIPO.

Nilisimama pale nje nikasoma mara tatu. Walikuwa wameyapenda maneno ya mama wakayafanya kauli ya chama. Watu walisalimiana kwayo. Mmoja anasema, "Viatu vyako vipo," mwingine anajibu, "Vipo kabisa," wanapeana mikono na kucheka. Nikiwa nimekumbatia viatu vyenyewe kifuani, nilipita katikati yao nikiwa na hasira sijui ya nani.

Mezani mlangoni, katibu aliniandikisha na kunibandika kipande cha boksi chenye jina langu. Nilipotaja ninatoka kwa nani, alisimama.

"Muzee iko nyuma yako?"

"Hapana."

"Atachelewa kidogo," alisema, akaandika hivyo kwenye daftari. Fundi cherehani wa Dranya: atachelewa.

Kuna jambo moja ambalo watu hawa hawakuwa wamelifikiria. Walikuwa wamesalimiana kwa miaka, lakini sauti ya mtu mwingine hakuna aliyewahi kuisikia, kwani kadi zote zilisomwa na mtangazaji mmoja, mwenye sauti nzito ya mtu aliyeshiba. Basi kila mtu alidhani wenzake wote wana sauti hiyo. Walipokutana na kusikiana, wengine wembamba wa sauti, wengine wana kigugumizi, kulikuwa na huzuni ya kweli mle ukumbini. Wajanja wachache walikuwa wamejizoeza, wakawa wanaomba maji ya kunywa kwa sauti ya mtangazaji.

Mtangazaji mwenyewe ndiye alikuwa mgeni rasmi, na hakuja. Sidhani hata alijua amealikwa. Kamati haikutaka kiti kikae kitupu, basi wakaweka redio juu yake, redio kubwa ya betri sita, wakaifunika kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na mbele yake wakaweka soda yenye mrija. Mshereheshaji alipoanza hotuba aliinamia ile redio kwanza. Soda aliinywa yeye baadaye, kwa niaba.

Kisha ukatangazwa utaratibu, na hapa ndipo nilipojua nimefika kwa watu wasio wa kawaida. Kwa kuwa chama ni cha salamu za kadi, mshereheshaji alisema, hakuna kuongea ongea ovyo ukumbini kama watu wa sokoni. Anayetaka kumsalimu mwenziwe ataandika kadi, ataipeleka mezani, na kadi zitasomwa kwa zamu. Anayetaka kuuliza swali, kadi. Anayetaka kwenda haja, hiyo aende tu.

Watu mia kadhaa wakainama, wakaanza kuandika. Ukumbi ukawa kimya kama wakati wa mtihani. Nilikaa benchi ya tatu, na kulia kwangu alikuwa mwanamume mkubwa wa mwili, mwenye sandali za tairi na vidole vyenye mafuta ya mnyororo. Alinitazama kifuani, akasoma kipande changu cha boksi, akafungua mdomo, akakumbuka utaratibu, akaufunga. Akaandika kadi. Ilikwenda mbele, ikakaa chini ya rundo, na baada ya saa nzima ikasomwa: "Nikiwa hapa benchi ya tatu, mimi fundi baiskeli wa Arua, namsalimu dada aliye kushoto kwangu. Ujumbe: kumbe ni wewe."

Nilimgeukia nimjibu, hakuwepo. Alikuwa ameenda haja.

Kwa hiyo nikaandika kadi: "Nikiwa benchi hiyo hiyo, namsalimu fundi baiskeli atakaporudi. Ujumbe: ndiyo, ni mimi." Naikumbuka kadi hiyo kwa aibu, kwa sababu ndiyo niliyoandika kwanza, wakati nilikuwa nimetumwa jambo kubwa kuliko hilo. Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, na nilikuwa nimeitwa kumbe ni wewe mbele ya watu.

Saa ya kipindi ilipofika, redio ilifunuliwa kitambaa, ikawashwa, na ukumbi mzima ukasimama. Mawimbi yalikuwa mabaya. Tulisikia kidogo, tukapoteza, tukasikia tena, na katikati ya mikwaruzo ile ikaja kadi yangu mwenyewe, niliyoituma mwezi uliopita: Dranya, fundi cherehani, popote alipo. Mtangazaji hakufika hata kwenye ujumbe. Watu waliumalizia wenyewe kwa sauti moja, halafu wakapiga makofi, na mtu wa nyuma akapuliza filimbi. Nilitazama mlango. Sioni haya kusema hivyo. Mimi niliyewacheka wote niligeuka nikatazama mlango, kwa sababu kelele ile ilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu yeyote aliye hai pale Arua angeisikia akaja.

Aliingia mama mmoja na sinia la mandazi.

Baada ya mandazi ukaja uchaguzi wa mwenyekiti, na uchaguzi ukaharibika mara moja. Watu wa Arua walitaka mwenyekiti awe wa Arua kwa kuwa sanduku la posta liko huko. Watu wa Koboko walitaka awe wao kwa kuwa kadi nyingi zinatoka kwao. Na ugomvi nao ulilazimika kwenda kwa kadi: mtu anaandika tusi, analipeleka mbele, anarudi kukaa, anasubiri nusu saa lisomwe na mshereheshaji kwa sauti tamu, wakati huo ameshapatana na aliyemtukana. Mwisho muuza samaki wa Arua, mwanamke mnene mwenye kilemba, yule aliyemsalimu baba kwanza kabisa, akaandika kadi iliyomaliza maneno. Alisema tumchague mtu ambaye sote tumemsalimu na ambaye hajakosana na yeyote. Mikono ikanyooka, ya Arua na ya Koboko, karibu yote. Baba akawa mwenyekiti wa Wapenzi wa Salamu wa West Nile kwa kipindi cha miaka miwili.

Nilisimama. "Samahani, baba hayupo."

"Dada, hiyo sisi najua," mshereheshaji alisema. "Wengi hapana kuja."

"Sisemi hajaja. Nasema—"

"Andika kadi, dada."

Niliandika. Maandishi yangu, ambayo walimu waliyasifu, yalikwenda kama kuku amekanyaga. Kadi ikakaa chini ya rundo, na wakati rundo likiteremka baba alipewa zawadi yake, chupa ya chai yenye maua mekundu, nikaipokea kwa niaba yake. Nikapigiwa makofi. Nikarudi benchi ya tatu na chupa mkono mmoja na viatu mkono mwingine, nikasubiri zamu yangu ya kusema kwamba baba yangu labda amekufa.

Ilipofika, mshereheshaji aliianza kwa sauti yake ya siku zote na akamaliza kwa nyingine. "Nikiwa hapa benchi ya tatu, nawaambia wote kwamba fundi cherehani wa Dranya hatujamwona tangu mwaka wa kukimbia. Mama amenipa viatu vyake nimletee. Ujumbe: mwenye habari zake aniambie leo, maana Ijumaa tunamsomea hitima."

Hakuna aliyeinama kuandika. Nilisikia soda ya mtu ikitoa mapovu. Kisha mzee mmoja wa nyuma akasema, bila kadi, kwamba kule kambini Sudan alishonewa suruali na fundi wa Dranya. Nilimrukia. Fundi huyo alikuwa mrefu, alisema, na alishona kwa mkono wa kushoto.

"Baba ni mfupi," nikasema. "Na wa kulia."

"Labda yeye narefuka huko," mshereheshaji alisema kwa nia njema kabisa, na muuza samaki akamwambia anyamaze.

Halafu ni yeye, muuza samaki, aliyesimama. Akasema yule shangazi wa Terego ambaye tunamsalimu wote kila mwezi, na ambaye mwaka jana alipewa cheo cha mama wa chama, ni dada yake, na hajamwona tangu mwaka ule ule wa kukimbia. Mwalimu wa Yumbe akasema yule rafiki yake mcheza mpira, vivyo hivyo. Mtu mmoja wa Koboko akasema watoto wawili. Wakawa wanasimama mmoja mmoja, bila utaratibu wowote, kila mmoja akitaja mtu ambaye sisi sote tulimjua, tuliyemsalimu, tuliyemcheka na kumpenda kwa miaka, na ambaye hayupo. Katibu alikuwa na daftari lake mezani, na nilimwona akipitia orodha ya waalikwa na kalamu. Karibu nusu ilikuwa imeandikwa: atachelewa.

Nililia mbele za watu, na sikujali. Fundi baiskeli alitaka kuniambia kitu. Aliangalia kadi zake, akazirudisha mfukoni, akanishikia chupa ya chai.

Mshereheshaji alitoa leso akafuta uso, kisha kwa kuwa alikuwa mshereheshaji ilimbidi aulize: je, uchaguzi ubatilishwe?

"Kwa nini?" fundi baiskeli akasema. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake, na ilikuwa ndogo sana kwa mwili ule. "Ule mutangazaji iko kwa kiti, na yeye pia hapana iko. Mwenyekiti abaki."

Wakapiga kura tena. Baba alishinda kwa kura nyingi kuliko mara ya kwanza, na mshereheshaji akawa makamu wake, wa kufanya kazi hadi mwenyewe atakapofika. Nikapewa barua ya uteuzi yenye muhuri wa zambarau.

Nilifika nyumbani kesho yake mchana. Mama alikuwa barazani na baba mkubwa, na alitazama nyuma yangu kwanza, barabarani, kabla ya kunitazama mimi. Niliweka viatu chini mbele yake, bado vimefungwa katika kitenge. Sikuwa na namna nzuri ya kusema.

"Hakuja, mama. Hakuna mwenye habari zake." Kisha nikaongeza, "Wamemchagua mwenyekiti."

Nilimsomea barua. Aliuliza ni ya muda gani. Nikasema miaka miwili. Aliichukua, akautazama muhuri, akamgeukia baba mkubwa.

"Shemeji, wewe nasikia. Yeye iko na kazi ya watu. Miaka mbili."

"Lakini sisi napatana, Ijumaa."

"Nani nasomea mwenyekiti hitima na muda yake bado?"

Nilitegemea baba mkubwa akasirike. Alitazama ile chupa ya chai, akatazama ile miguu ya cherehani iliyobeba redio, miguu aliyoibeba begani mwake kuvuka mpaka, akaanza kucheka hadi machozi yakamtoka, na mama naye akacheka. Sikuwahi kuwaona wakicheka pamoja. Baba mkubwa alipotulia alisema miaka miwili ni sawa, lakini si siku moja zaidi.

Baba alikuwa mwenyekiti mzuri. Hakugombana na mtu, hakuchelewesha mkutano, na kila uamuzi mgumu makamu aliuahirisha hadi atakapofika, na mingi ikajimaliza yenyewe. Mama aliendelea na kadi zake, maneno yale yale. Fundi baiskeli alinitumia kadi kumi na moja kwa redio kabla hajathubutu kuja Dranya kwa miguu yake, na siku alipokuja alikaa mbele ya mama nusu saa nzima bila kusema neno, hadi mama akaniuliza pembeni kama ni bubu. Tulioana kabla muda wa baba haujaisha.

Ulipoisha, mimi nilikuwa nimesahau tarehe. Mama hakusahau. Asubuhi hiyo alimwita baba mkubwa akamwambia, "Muda yake namaliza," basi.

Hitima ilisomwa nyumbani. Chama kilikuja chote, Waislamu na Wakristo, baiskeli zikajaa uwanja, na muuza samaki akaja na kilemba cheupe. Baada ya dua na chakula, mama, ambaye jioni ile angeingia eda, alimpa makamu mwenyekiti kadi. Nilishangaa, kwa kuwa sikuwa nimemwandikia. Alikuwa amemwita mume wangu amwandikie, kwa jina lake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Makamu alisimama akasoma kwa sauti ya mtangazaji, kwa kuwa hakuwa tena na nyingine. "Nikiwa hapa Dranya, namsalimu mume wangu, fundi cherehani, popote alipo—"

"Hiyo hapana iko kwa kadi," mama alisema.

Makamu akaitazama kadi. Ni kweli haikuwemo. Alikuwa ameitia kwa mazoea. Akaomba radhi, akaanza upya.

"Nikiwa hapa Dranya, namsalimu mume wangu, fundi cherehani. Ujumbe: viatu nimempa mkwe wako. Vinambana kidogo, lakini anavivaa."